Hesabu za Vumbi

Nimeandika nyuma ya daftari la madeni,
pale ambapo Mhina hapekui:
Tanga hadi Horohoro, mafuta lita saba,
kadi ya homa ya manjano (yangu iko wapi?),
karatasi za gari, bima ya kuvukia mpaka,
Lungalunga, Mombasa, tulale Voi kwa binamu wa Zaituni
ambaye bado hajaambiwa.
Nairobi tuipite usiku.
Kisha bonde, kisha Naivasha.
Siku nne za mbio. Sisi tunazimudu mbili.

Mimi ni fundi wa rejeta, Barabara ya Saba.
Miaka kumi na tisa naziba matundu ya watu,
magari yananijia yakifuka mvuke kama sufuria la pweza,
na sijaona hata moja lililokimbia
kwa sababu ya kukimbia tu.
Lori la mkonge lina haraka ya mzigo,
la mgonjwa lina haraka ya Bombo,
la bwana harusi lina haraka ya kuonekana.
Lakini haraka tupu, isiyobeba kitu,
hiyo nataka kuiona kwa macho.

Itatupeleka Corolla ya Mhina,
ambayo ikifika Pongwe tu huomba maji.
Tunakwenda kutazama magari yanayoruka
ndani ya gari linalokohoa.
Zaituni alicheka mpaka akakalia tairi.

Tumebishana sana.
Mhina ataka tusimame konani,
maana gari likianguka huangukia konani.
Nikamwambia hatuendi mazishini.
Zaituni ataka karibu na choo.
Mimi nataka mwinuko,
nisikie kabla sijaona.
Hema ni la skauti wa Chumbageni, lilikuwa na tundu,
nimelitia kiraka kwa gundi ya baiskeli.
Mihogo ya kukaanga haitafika, tubebe visheti,
na chai, kwenye chupa iliyopoteza kifuniko.

Mama alinikuta nikijumlisha.
"Gari moja linapita mbele yenu kwa muda gani?"
Sekunde tano, nikasema. Labda sita.
Akachukua kalamu.
Mama aliuza maandazi miaka thelathini, hakosei kugawanya.
Akaandika namba chini ya namba yangu, akaipigia mstari,
akanisukumia daftari bila neno.
Bei ya sekunde moja.
Sikuitamka. Hata hapa siitamki.

Kisha akakaa.
"Baba yako," akasema, "alitoka Maramba kwa miguu
usiku mzima, kijana wa watu,
kwa kuwa walisema yatapita barabara kuu.
Kila mwaka akiwasimulia lile gari jeupe,
namba ubavuni, dereva aliyempungia mkono.
Nyinyi mkishangilia.
Mimi nikikoroga uji, kimya."
Akakaza kanga magotini.
"Alichelewa. Aliona vumbi tu.
Aliniambia mimi, miaka imeshapita, taa imezimwa.
Alisema lilikuwa vumbi refu, halikutaka kushuka,
na yeye akasimama ndani yake
mpaka likamtua mabegani."

Nje, kijana wa jirani alikuwa akigonga rimu,
akikosea, akigonga tena.

Nikalirudia daftari.
Nikafuta *kuondoka saa kumi na mbili asubuhi*,
nikaandika *saa tisa usiku*.
Chini yake: *rejeta ya Corolla, niilehemu mwenyewe, bure.*
Mama akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa nne.
Ipo, nikasema.
Akasema, aa, nauliza tu.

Asubuhi, chini ya kopo la risasi ya kulehemia,
nilikuta noti zimekunjwa mara nne, zanukia iliki,
na ukurasani, kwa mwandiko wake wa kugawanya:

*sekunde tatu.*